Gambuti za Nyuma ya Kaunta

Mtu amechukua nguzo sita za mawe, zilizochongwa kwa patasi na nyundo na watu waliojua kazi yao, akazibandika vigae vya choo. Sisemi kwa mafumbo. Ni vigae vilevile vyeupe vyenye maua madogo ya samawati ambavyo viko chooni kwangu, na nadhani tulivinunua duka moja. Kila nikipita barabara kuu ya mji wetu hapa Nyeri nazikuta nguzo hizo zimesimama zinang'aa, nami natamani kutema mate. Sitemi, kwa sababu nilifundisha zaidi ya miaka thelathini na mji umejaa wanafunzi wangu.

Wacha nieleze jengo lilivyokuwa, maana wanaokunywa kahawa mle siku hizi wanadhani lilianza siku lilipofungwa taa. Ni safu ya maduka matano chini ya paa moja la mabati, na baraza moja refu mbele yake. Lilijengwa na Mhindi muuza vitambaa kabla mama yangu hajazaliwa. Mawe yalitolewa timboni na wanaume wa huku kwetu, na babu mmoja jirani yetu alijigamba mpaka kufa kwake kwamba kidole chake kimoja kimo ndani ya ukuta ule. Nyuma kulikuwa na ua, mfereji wa maji, stoo, na vyumba viwili ambamo Mhindi aliishi na watoto wake. Alipohama, lilinunuliwa na wanaume wanne wa kwetu walioungana. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kulipaka rangi, na la pili kugombana.

Tangu hapo halikukaa na uso wake tena. Limewahi kuwa rangi ya sabuni, likawa rangi ya soda, likawa rangi ya unga wa kuoka, na simu za mkononi zilipokuja likawa kijani, likawa jekundu, likarudi kijani. Kila kampuni ilileta mapipa yake ya rangi bure na wenye nyumba wakashukuru kama watu waliopewa shamba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nabandua rangi kwa ukucha wakati mama anauza. Chini ya kijani kulikuwa na manjano, chini ya manjano nyeupe, na chini kabisa chokaa ya Mhindi, iliyoshika jiwe vizuri kuliko zote. Nguzo ya mwisho, ya upande wetu, sikuigusa, kwa sababu walevi walikuwa wakiikojolea.

Upande wetu ulikuwa duka la tano, lile la mwisho, karibu na mtaro. Mama alilikodi, pamoja na chumba kimoja cha nyuma tulimolala, nikiwa darasa la kwanza, na akalihama nikiwa nimestaafu. Aliuza kamba za katani, misumari, mbegu za kabeji, dawa ya kupe, vichujio vya maziwa na vioo vya taa. Hakuna aliyetajirika kwa kuuza vioo vya taa, lakini tulikula na tukasoma.

Lililolifanya duka lile lijulikane halikuwa la kuuza. Watu wa vijiji vya Tetu walikuwa wakishuka mjini asubuhi na pikapu ya maziwa, na udongo wa kwao, mvua ikinyesha, hushika mguu mpaka kwenye goti. Hakuna aliyetaka kuingia benki, au kortini, au ofisi ya mashamba, akiacha mavi ya ng'ombe sakafuni na karani akimtazama. Kwa hiyo walivaa gambuti, viatu virefu vya mpira, kutoka nyumbani, na viatu vya ngozi wakavibeba ndani ya kiondo. Walifika kwenye baraza letu, wakaenda kuosha miguu kwenye mfereji, wakaketi kwenye ukingo wa mawe, wakavaa viatu vya mjini. Gambuti wakamwachia mama nyuma ya kaunta. Jioni walirudi, wakabadilisha tena, wakapanda kwao.

Hakukuwa na tikiti wala malipo. Kulikuwa na shida moja tu, kwamba gambuti zote ni nyeusi na zote zinafanana. Ndiyo maana kila mtu alitia alama yake ndani ya kiatu kabla ya kumkabidhi mama: gunzi la mahindi, kifuniko cha soda, kamba yenye mafundo matatu, bahasha ya sadaka iliyokunjwa. Mama alizijua alama zote. Akiona mfupa wa kuku anajua ni za mzee wa kwenye kona ya kiwanda cha chai. Alikuwa na sheria mbili, na hakuwahi kuziandika mahali. Kiatu hupewa aliyekiacha, au mtu wa nyumbani kwake. Na kiatu cha mtu hakitupwi.

Mimi nilizichukia gambuti zile kwa moyo wangu wote. Naomba msomaji asinihurumie mapema. Niliona kinyaa na nitasema hivyo. Nilifanyia kazi za shule juu ya gunia la mbegu, na mbele ya pua yangu zimepangwa jozi thelathini au arobaini, zimefunguka midomo. Zilitoa harufu ya mpira, jasho la jana, maziwa yaliyochacha na soksi iliyokauka mguuni. Siku za mvua harufu ilipanda mpaka ikaingia kwenye mkate. Darasani msichana aliyeketi nyuma yangu aliwaambia wenzake kwamba mimi nanuka gambuti, na jina likanishika mpaka darasa la saba. Sikumwambia mama. Nilianza kunawa miguu mara nne kwa siku, na mpaka leo nanawa mara nne.

Nikiwa na miaka kumi hivi, nikaamua kufanya usafi. Ilikuwa Ijumaa ya likizo, mama amekwenda kuchukua mbegu kwa mwenye stoo kubwa, akaniachia duka. Nikachukua fimbo na gazeti, nikapekua gambuti moja baada ya nyingine, nikatoa magunzi yote, mifupa yote, vitambaa, mafundo, vifuniko, nikavitia kwenye debe na kuvichoma nyuma ya ua. Kisha nikaziosha gambuti zote kwenye mfereji nikazipanga vizuri kwa ukubwa. Nilijiona nimefanya kazi ya maana. Mama aliporudi alisimama mlangoni akauliza magunzi yako wapi.

Jioni ile baraza letu lilijaa watu wa Tetu wakijaribu viatu. Walikuwa wakicheka mwanzo. Pikapu ilipopiga honi wakaacha kucheka, wakachukua chochote kilichoingia mguuni. Kuna mama aliyekwenda na mbili za kushoto. Kuna mzee aliyepanda na viatu vyake vya mjini, akavimaliza siku hiyohiyo. Mama yangu hakunipiga wala hakupaza sauti. Asubuhi alinitupia gunia miguuni, akaniambia nianze mapema. Siku tatu nilizunguka Tetu na gunia mgongoni, boma kwa boma, nikibisha, nikiomba msamaha, nikibadilisha ya huyu na ya yule. Katika kila boma walinipa uji, na katika kila boma nilisikia wakiniita yule msichana wa gambuti.

Nilisomea ualimu, nikaajiriwa, nikanunua viatu vya kufunika. Barabara za Tetu zikawekwa lami, bodaboda zikafika hadi mlangoni pa mtu, na watu wakaacha kuvaa gambuti kuja mjini. Rafu ya mama ikapungua mpaka ikabaki jozi moja.

Hizo ziliachwa na mwanamke mmoja zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Alikuja Jumatatu akielekea hospitali, amejishika ubavu, na alama yake ilikuwa kipande cha uzi mwekundu alichokifumua kwenye sweta. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli. Alimwambia mama kwamba akichelewa, msichana wake atakuja kuzichukua. Msichana alikuwa wa miaka saba au minane. Yule mwanamke hakutoka hospitali, na baada ya mazishi mtoto akachukuliwa na jamaa upande wa Kutus. Mama alikwenda kwenye mazishi yale. Hakuzibeba gambuti, kwa sababu, alivyosema, mtu hapeleki viatu vya maiti mazikoni, na mtoto alikuwa amelala. Alimwambia shangazi wa mtoto ziko dukani. Halafu akaanza kungoja.

Kila mwaka mpya alizipangusa na kuzipaka mafuta ya kujipaka, ndani na nje, mpira usipasuke. Nilimwambia mara nyingi kwamba hakuna binadamu atakayepanda gari kutoka Kutus kuja kuchukua gambuti kuukuu. Alinijibu kwamba yeye hakuambiwa akisie, aliambiwa angoje.

Basi, yule wa mwisho kati ya wenye nyumba wanne akafa, na watoto wake wakauza. Katika miji yetu hii jengo la zamani lina vifo viwili tu vya kuchagua. Kutus wanabomoa: unalala kuna duka la mawe, unaamka kuna shimo na mabati ya kuzunguka shimo, na mwaka ukiisha kuna ghorofa tano zenye vibanda vya ukubwa wa kabati. Nanyuki wanafanya vibaya zaidi, maana hawabomoi. Wanaliacha jengo limesimama, wanatoa kilichokuwamo, wanatia taa za manjano na viti vya godoro, na wageni wa mahoteli na wanajeshi wa ng'ambo wanakuja kupiga picha mahali ambapo zamani wangepimiwa sukari. Nimeketi kwenye mkahawa mmoja wa namna hiyo huko, ndoano za bucha zikining'inia juu ya kichwa changu zimefungwa balbu, na sikumaliza chai yangu.

Aliyenunua jengo letu alikuwa kijana aliyelelewa Nairobi, mpole, mwenye ndevu zilizochongwa, asiyejua Kikuyu. Alikuwa ameuona mkahawa ule wa Nanyuki. Alimpa mama miezi mitatu ahame, na kusema kweli alimpa kwa adabu, akimwita shosho kama bibi yake na kumshika mkono kwa mikono miwili. Mama akahamia kwangu na mizani, kichujio kimoja cha maziwa, sanduku la nguo, na katoni yenye gambuti zile.

Katoni iliwekwa kwenye korido yangu. Nyumba yangu ni ndogo na ni safi. Huo ndio utajiri niliojitafutia. Jioni ya kwanza nikaisikia ile harufu. Labda haikuwapo. Labda mafuta ya mama yalikuwa yameimaliza zamani, na nilichonusa kilikuwa darasa la tatu. Lakini niliinusa, nikafungua madirisha, na mama akaniona nikiyafungua.

Mwezi haukuisha kijana akaja kunitembelea. Mama alikuwa kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Kijana alisema anataka kuiheshimu historia ya mahali pale, na kwamba ameambiwa mimi ndimi mwalimu na mimi ndimi nijuaye, basi kama ningemwandikia nusu ukurasa autie kwenye fremu ukutani. Alikuwa anatafuta pia vitu vya zamani vya kupambia. Nilimpikia chai. Nilikuwa sijawahi kuombwa na mtu historia ya kitu chochote. Watu huniomba barua za kuombea watoto nafasi ya shule. Nikavimba kichwa. Nikampa kichujio cha maziwa, nikampa mizani, na alipouliza kama kuna kitu kingine nikamletea katoni. Nilijiambia kwamba kule zitatunzwa, tena mahali pake pa asili. Huo ulikuwa uongo wa mtu msomi. Nilitaka zitoke nyumbani kwangu. Kijana alizibeba kwa furaha, nami nikadeki korido mara mbili.

Mama alipouliza gambuti ziko wapi nilimwambia nimezipandisha juu ya kabati la stoo, mahali pakavu. Miguu yake haipandi viti, kwa hiyo hakwenda kuangalia. Aliniamini, na hilo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Halafu likaja jambo ambalo sikumwambia mtu. Wiki mbili baadaye, mama akiwa amelala mchana, mwanamke wa miaka thelathini hivi alibisha kwenye lango. Alikuwa na mkoba wa soko na kanga kiunoni. Aliuliza kama hapa ndipo anapokaa yule mama aliyekuwa na duka la mbegu. Alisema yeye anauza nyanya soko la Kutus, kwamba shangazi yake amesikia jengo la zamani limeuzwa, na kabla ya kila kitu kupotea amemwambia kwamba kuna viatu vya mama yake viliachwa pale. Aliongea akitazama chini, kwa haya ya mtu anayeomba kitu cha kuchekesha.

"Mwalimu, mimi sina kitu yake hata moja," alisema. "Hata picha. Ndio nikasema wacha nikuje niulize."

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumwamsha mama, au kuvaa viatu nikaenda hadi mkahawani, nusu saa kwa mguu, nikamwambia kijana nimekosea. Niliona aibu kwenda kumnyang'anya kijana zawadi niliyompa, na niliona aibu zaidi mama ajue. Nikamwambia yule mwanamke kwamba vitu vingi vilitupwa wakati wa kuhama. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru kabisa, akaniachia nyanya kwenye karatasi, akaondoka kuwahi gari. Nyanya zile sikuzila. Zilioza jikoni nikizitazama, na nilipozitupa zilikuwa na maji.

Siku ya kufungua mkahawa kijana alitutumia gari. Mama alivaa kitambaa chake cha kichwa cha sherehe na viatu vya ngozi vya kufunga, vile ambavyo zamani ungevibeba kwenye kiondo. Aliposhuka alitazama nguzo. Aliuliza kwa Kikuyu kama choo kimehamishiwa mbele, nikamwambia anyamaze, tuko na watu.

Ndani palikuwa pabaya kuliko nje. Kuta za kati zilikuwa zimevunjwa, maduka matano yakawa ukumbi mmoja, na plasta imekwanguliwa kwa makusudi hapa na pale mawe yaonekane, kama kidonda kilichofunuliwa ili watu wakione. Mfereji haukuwapo. Juu ya mtaro walikuwa wametandika nyasi za plastiki. Ukingo wa mawe, ambapo kila mtu wa Tetu aliwahi kuvulia viatu, ulikuwa na mito ya rangi ya haradali, na wasichana wawili wameketi wakijipiga picha wamebinua midomo. Tuliletewa vipande vitatu vya nduma, magimbi ya kwetu, juu ya ubao, vimemwagiwa asali, na maziwa yamechapwa mpaka yakawa povu. Mama alikulia kwenye boma la ng'ombe. Alilitazama povu lile akalisukuma kando.

Nusu ukurasa wangu ulikuwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu. Niliusoma mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba jengo hili lilikuwa kimbilio la mkulima. Nilikuwa nimeandika juu ya ukarimu. Sikuwa nimeandika kwamba lilinuka, wala kwamba niliona haya kulala ndani yake, wala kuhusu kidole cha yule babu ndani ya ukuta. Nilikuwa nimelipaka rangi yangu juu ya rangi za wengine. Nyani haoni kundule. Mwezi mzima nilikuwa nikisimulia watu jinsi vigae vya kijana vinavyonitia kinyaa.

Kando ya fremu ndipo zilipokuwa. Zilipigiliwa ukutani kwa misumari miwili kwenye shingo, zimejazwa udongo, na ndani ya kila moja limepandwa ua jekundu. Chini walikuwa wameweka sahani ya kukingia maji, kwa sababu walikuwa wametoboa nyayo ili maua yasioze mizizi. Matone yalikuwa yanadondoka taratibu.

Mama aliziona kabla sijamgeuza. Alisimama bila fimbo yake. Alikwenda mpaka ukutani, akainamisha kichwa, akatafuta kiraka cha tyubu ya baiskeli kwenye kisigino cha kushoto, akakigusa kwa kidole gumba.

"Hii gambuti ni ya mtu," alimwambia kijana. "Nani ametoboa?"

Kijana alitabasamu, akidhani shosho amefurahi kukuta kitu anachokijua. Alieleza kwa upole kwamba wateja wanazipenda sana, kwamba ndizo zinazopigwa picha kuliko vyote. Kisha akanionyesha kwa mkono, mbele ya watu wote, akasema mwalimu ndiye aliwapatia.

Mama hakunitazama wakati ule. Aliomba zishushwe. Mhudumu mmoja alipanda kwenye kiti akang'oa misumari, na mama akazipokea kifuani, juu ya nguo yake ya sherehe. Akazimimina palepale. Udongo na maua vikaanguka kwenye sakafu mpya, watu wakarudi nyuma, mtu akaacha kupiga picha, mwingine akaanza. Mama akatia mkono ndani ya kila moja mpaka kwenye vidole, polepole, akitafuta uzi mwekundu. Haukuwapo. Kisha akageuza nyayo juu, akapitisha kidole chake kwenye tundu, na kidole kikatokea ndani.

"Msichana wake akikuja leo," aliniambia, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "nitampatia hii?"

Kijana aliomba msamaha, na naamini aliomba kwa moyo. Alikuwa hajui. Mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye ambaye mama hakumwomba kitu kingine siku ile, hata kushikwa mkono kushuka ngazi. Katika gari alizipakata gambuti, maji ya maua yakilowesha sketi yake. Nilikuwa nimeketi karibu nazo. Nilizinusa kwa pua ya mtu mzima, na nakuapia zilinuka udongo wa mvua na mafuta ya kujipaka, basi.

Kesho yake alizipeleka mwenyewe kwa fundi wa viatu anayeketi ng'ambo ya barabara, mkabala na zile nguzo. Fundi alimwambia gambuti mpya ni bei ya kiraka. Mama alimwambia ashone. Alirudi nazo zikiwa na viraka viwili vipya chini, mduara kwa mduara, akaziweka mlangoni kwangu, juu ya vigae vyangu vyeupe, mahali ambapo kila anayeingia lazima azikanyage au aziruke. Kisha akaleta kiti chake karibu na dirisha linalotazama lango.

Aliketi pale Jumanne. Aliketi Jumatano. Kila lango likigongwa aliinua kidevu. Alikuwa muuza mayai, alikuwa mtoto wa jirani, alikuwa mtu wa kusoma mita ya stima. Nilimpelekea chai, akainywa, akaniuliza habari za mguu wangu unaoniuma, na hakutaja mkahawa hata mara moja. Alhamisi lango likagongwa akainua kidevu tena, nami nikaiweka sufuria chini.

Nilimwambia kwamba yule msichana alikwisha kuja. Nilimwambia siku yenyewe, na kwamba alikuwa na mkoba wa soko, na alichosema kuhusu picha, na nilichomjibu. Nilimwambia hadi zile nyanya.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho akitazama lango. Kisha akainuka, akijishikilia kwenye ukuta, akaenda jikoni. Nilisikia akivuta kitu nyuma ya mapipa ya unga. Aliporudi alikuwa na gunia, tupu, limekunjwa mara nne, na akaliangusha miguuni pangu.

"Kutus ni mbali kuliko Tetu," alisema. "Anza mapema."